Randu Wawili, Chuo Kimoja

Jumatatu, 8 Septemba 2025. Mtopanga, Kisauni.

Shajara mpya, maisha mapya. Mimi ni Randu Kazungu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, shahada ya bandari na uchukuzi, chuo cha mtandaoni. Kichwa ninacho. Tatizo liko chumba cha pili. Humo anaishi Randu Kazungu mwingine, naye ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, shahada hiyo hiyo, chuo hicho hicho.

Si mzaha. Baba ana wake wawili, na kwetu mtoto wa kiume wa kwanza wa kila nyumba hupewa jina la babu. Babu alikuwa Randu. Basi mama yangu Kafedha akazaa Randu. Mama mdogo Mweri, kabla hata mimi sijaota meno, naye akazaa Randu. Kule Kaloleni hakuna anayechanganyikiwa. Mimi ni Randu wa Kafedha, yeye ni Randu wa Mweri. Mimi nina akili, yeye anajua kukwea minazi.

Leo chuo kimetuma ujumbe. Mwanafunzi ambaye hajaandika lolote kwenye jukwaa la majadiliano hadi Ijumaa saa sita mchana, jina lake litafutwa. Litafutwa! Hata sikujua kama kuna jukwaa. Nimeingia kwenye ukurasa wangu kwa mara ya kwanza tangu tufungue muhula. Masomo ya mwezi mzima yamejipanga yananisubiri. Juu kabisa kuna Mwongozo wa Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza. Mrefu huo! Sentensi ya kwanza inasema soma mwongozo huu wote kabla ya kufanya jambo lolote. Nikaufunga. Sipendi mtu anayeanza na amri kabla ya salamu.

Lakini kufutwa si mchezo. Siku Baba anatuleta hapa alisema wazi: atakayefukuzwa chuo, arudi Kaloleni akaangue nazi mpaka uzee wake. Na hapa, kwa kuwa shajara haina mdomo, niseme. Naogopa minazi. Sijawahi kukwea hata mmoja. Nikiutazama tu kutoka chini mpaka kileleni, magoti yananilegea. Utotoni Mama alinikingia kifua, akawaambia watu wote nina pumu. Pumu sina.

Nina mpaka Ijumaa. Mtu mwerevu hahitaji zaidi.

Jumanne, 9 Septemba.

Sikulala vizuri. Nimeota mnazi unaniita kwa jina, na haukusema wa Kafedha wala wa Mweri.

Nimefungua jukwaa ili niandike lolote, yaishe. Lo! Watu wanamshukuru Randu Kazungu. Purity wa Changamwe anasema Randu Kazungu amemfungua macho. Morgan wa Likoni anasema bila Randu Kazungu angeshaacha masomo zamani. Daktari Mwinyihaji, mkuu wa kitivo mwenyewe, ameandika kwamba Randu Kazungu ni mfano wa kuigwa. Nikajikuta natabasamu. Nilifurahi vizuri kabisa kabla ya kukumbuka kwamba si mimi.

Ni yule wa Mweri. Kila wiki kaandika. Anawapa wenzake mawaidha: chagueni saa moja ya kusoma isiyobadilika, msisubiri siku ya mwisho kumuuliza mwalimu, jaribuni vifaa vyenu mapema. Kujipendekeza tu! Na mahali pa kuweka picha ya uso ameweka picha ya mnazi, kwa haya zake. Mimi pangu ni patupu.

Wazo lilinijia nikiwa nasubiri mahamri kwa Bi Mwanarehema, mwenye nyumba wetu. Jina ni moja. Baba ni mmoja. Hata sura, ukitazama haraka, ni moja. Tulipokuwa wadogo nesi mmoja alimchanja yeye mara mbili, mimi nikaponea. Kama mtu aliyetushika mikono alishindwa kututofautisha, chuo ambacho hakijatuona kitaweza?

Nimeliandikia dawati la wanafunzi barua pepe safi, yenye heshima zote. Nimesema kumetokea mkanganyiko. Ile namba ya usajili yenye maandishi mengi ni yangu, hii tupu ni ya ndugu yangu, tafadhali rekebisheni. Nimeongeza kwamba ndugu yangu ni mtu wa haya, asisumbuliwe kwa maswali. Nimeambatisha kitambulisho. Nimetuma. Mahamri yalikuwa matamu.

Jumatano, 10 Septemba.

Wamerekebisha! Nimeingia asubuhi, nikakuta ukurasa umejaa maandishi na pongezi. Zote zangu. Nimetembea uani kifua mbele. Bi Mwanarehema akaniuliza kama nimepata mchumba.

Halafu chumba cha pili kukawa kimya. Randu wa Mweri hubeba mizigo soko la Kongowea, na kila siku kabla ya kwenda huchapa kwenye kompyuta yake ya mtumba. Leo sikusikia kitu. Nikachungulia. Kakaa, mikono magotini, anautazama ukurasa mtupu. Akaniuliza kwa upole kama na mimi kazi zangu zimefutika. Nikamwambia mtandao una mambo yake. Akasema labda amebonyeza vibaya.

Anajilaumu yeye! Moyo ulinichoma, sifichi. Maana sasa Ijumaa saa sita atakayefutwa ni yeye. Nilikaribia kabisa kusema. Nikajiuliza, hivi minazi humtisha? Haimtishi. Kwake Kaloleni ni nyumbani tu. Kwangu ni kifo. Nikarudi chumbani kwangu.

Alasiri, pigo. Daktari Mwinyihaji kanipigia simu yeye mwenyewe. Nilisimama wima utadhani ananiona. Akasema Ijumaa saa nne asubuhi kuna kikao cha mtandaoni cha wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza, kwa sababu wengi wanazama, na wameona awaongoze mwenzao badala ya wazee. Mwenzao huyo ni mimi. Nitatoa mwongozo wa namna ya kusoma mtandaoni, kisha nitaulizwa maswali. Wazazi nao wanakaribishwa.

Kwa nini sikukataa? Alisema tena lile neno, mfano wa kuigwa, kwa sauti nzito ya kisomi, nikasikia nasema itakuwa heshima kubwa kwangu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ndiyo, naijua. Lakini hiyo inawahusu wagema. Mimi hata mnazi sikwei.

Alhamisi, 11 Septemba.

Hali si nzuri.

Kwanza nilimpigia Mama kumweleza, mara moja tu, kwa furaha. Akapiga vigelegele, akaenda moja kwa moja kumwambia Baba. Baba akaagiza kiungo cha kikao kitumwe kwa Kalama, mwenye duka lenye simu kubwa, ili kijiji kizima kitazame. Nikatuma. Ningefanyaje?

Pili, nilikaa kuyasoma yale maandishi yangu, kwa kuwa nitaulizwa. Marefu! Nimesoma la kwanza, linahusu kutafuta mahali patulivu pa kusomea. Nikapumzika kidogo kwa kutazama mabao ya mpira. Nikatazama mabao zaidi. Bando likaisha. Wala sina wasiwasi mkubwa. Mwandishi huulizwa mambo aliyoyaandika, na mimi ndimi mwandishi kwa mujibu wa chuo.

Tatu, na hili linaninyima raha. Mchana nimesikia simu ya Randu wa Mweri ikilia. Nikaweka sikio ukutani. Alikuwa akisema naam mwalimu, naam mwalimu, nashukuru sana, sikutegemea. Halafu neno tableti. Halafu wiki mbili. Tableti gani? Wiki mbili za nini? Ameshanishtaki? Nimetoka jasho, na joto la kaskazi bado halijaanza.

Jioni akagonga mlango wangu. Nilidhani yameiva. Mkononi ana Mwongozo wa Mwanafunzi, ameuchapisha kwenye karatasi na kuupigia mistari kwa kalamu. Akasema ameona tangazo la kikao cha kesho. Akasema pia ameona maandishi yake yamekaa kwenye ukurasa wangu. Kisha akaniangalia. Nami nikaangalia dari. Akaweka ule mwongozo kitandani, akasema kesho atakuwapo kikaoni kama msikilizaji, nikikwama ataniandikia ujumbe wa pembeni. Akaenda zake kulala.

Hakufoka, hata matusi hakutoa! Mtu anayekasirika nitamweza. Huyu anapanga kitu.

Ijumaa, 12 Septemba.

Naandika nikiwa kitandani, shuka limefunika kichwa, na ni mchana.

Bi Mwanarehema alinipa sebule yake, kwa kuwa ukuta wake ni mweupe na una mwanga. Sharti nivue viatu nisitukane. Akajiweka kwenye kochi nyuma yangu, kavaa buibui yake mpya, kwa sababu alisikia kuna daktari. Sikujaribu kifaa chochote. Nilipofungua nilionekana paji la uso tu.

Nyuso zikajaa kwenye kioo. Purity, Morgan, mamia ya wengine. Pembeni, picha ya mnazi. Huyo alikuwa yule wa Mweri, ameiweka upya kwenye ukurasa wake mtupu. Na kwenye kisanduku kimoja, tundu za pua za Baba, karibu sana, na nyuma yake nusu ya Kaloleni imebanana dukani kwa Kalama. Kipaza sauti chao wazi. Mbuzi alisikika vizuri kuliko Daktari.

Nikaanza. Nikawaambia ndugu wanafunzi wasome kwa bidii. Nikaeleza kwamba bidii ni muhimu. Nikafafanua kwamba asiyekuwa na bidii amekosa bidii. Nikataja mahali patulivu pa kusomea, wakati huo huo Bi Mwanarehema akimkaripia paka. Ikaenda. Nilianza kuonja utamu. Nikawaza kwamba labda kweli mimi ni mfano wa kuigwa na sikuwa najua.

Ndipo Daktari Mwinyihaji akasema ana swali moja. Andiko lililomgusa zaidi, alisema, ni lile la mnazi, pale nilipoeleza jinsi kukwea mnazi kulivyonifundisha kusoma peke yangu bila mwalimu mbele yangu. Akaniomba niwaeleze wenzangu, hatua kwa hatua, mtu huukwea vipi.

Mungu wangu.

Nikasikia hata kinu cha unga cha Kaloleni kikisaga. Nikatazama ile picha ya mnazi, na pale pale ujumbe wa pembeni ukaingia kutoka kwa Randu wa Mweri. Mkono ushike kwanza, ndipo mguu upande. Usitazame chini. Hivyo tu.

Nilifikiri haraka, na bado nasema nilifikiri vizuri. Mtu niliyemchukulia kazi zake zote, aliyekaa jana akaniangalia vile, leo anipe jibu la kweli? Kwa mapenzi gani? Mimi nisingempa! Huu ni mtego. Basi jibu la kweli ni kinyume chake.

Nikakohoa. Nikasema kwa sauti nzito kwamba siri ya mnazi ni mguu kwanza, mkono baadaye. Na kila hatua tazama chini, ujue umetoka wapi.

Purity akatuma viganja vya kupiga makofi. Wengine wakafuata. Daktari akatikisa kichwa taratibu, akasema ni falsafa nzito. Nimepona! Nikapumua.

Halafu Kaloleni ikalipuka. Baba alikuwa amesimama, pua zimetoweka, tumeona mkanda wake tu. Akauliza kwa kelele ni mwendawazimu gani anawafundisha watoto wa watu kufa. Akasema mguu kwanza ni kaburi. Kisha akasogea, akanitazama vizuri, akasema hebu, huyu si wa Mweri. Huyu ni wa Kafedha! Huyu hajakwea mnazi tangu azaliwe!

Mama akasikika nyuma akinitetea kwamba nina pumu. Baba akauliza pumu gani ya mtu anayecheza mpira kutwa. Kijiji kizima kikacheka, na mbuzi naye akalia.

Daktari Mwinyihaji akauliza, polepole, kwani wako Randu wangapi. Nikasema mtandao unakatika. Mtandao haukuwa unakatika. Nikatafuta pa kubonyeza nitoke, nikabonyeza pa kunyoosha mkono. Nikabaki pale, mkono juu, mbele ya mwaka wa kwanza wote, mpaka Bi Mwanarehema akainuka, akasema wallahi mwanangu aibu hii inatosha, akaifunga kompyuta kwa kiganja chake.

Saa sita imepita. Sijui ni Randu yupi aliyefutwa. Naogopa kufungua.

Jumamosi, 13 Septemba.

Ni mimi.

Wamenihoji kwa simu, Daktari Mwinyihaji pamoja na Mwalimu Swabra, mshauri wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kumbe Randu wa Mweri walishamhoji. Akawaambia huenda dawati lenyewe lilichanganya namba kwa ajili ya jina, wasinilaumu. Yaani alinitetea! Ningejua, ningesema hivyo hivyo. Lakini mimi nilikuwa nimeshawaambia kwamba kompyuta yangu ilivamiwa na wezi. Kisha Daktari akaisoma ile barua pepe yangu kwa sauti, neno kwa neno, mpaka kwenye heshima zote. Ilisikika vibaya kuliko nilivyoiandika.

Hukumu: nimeondolewa. Naweza kuomba upya mwezi wa kwanza, nianze mwanzo kabisa, na nikipokewa nitapimwa kama nimesoma mwongozo.

Kilichonimaliza ni Mwalimu Swabra. Akasema, kwa sauti ya huruma hasa, kwamba Jumanne asubuhi jina langu lilikuwa mezani kwake. Wanafunzi waliokuwa nyuma hawakuwa wakifutwa kikatili hivyo. Alikuwa anawapigia mmoja mmoja, anawaongezea wiki mbili, na wasio na kifaa kizuri wanaazimwa tableti. Imeandikwa kwenye mwongozo, ukurasa wa pili. Alipofika kwenye namba yangu, ilikuwa imeshahamishiwa kwa ndugu yangu. Akampigia yeye.

Tableti yangu! Wiki zangu mbili! Mtu kakaa chumba cha pili, kimya kimya, akachukua vitu vyenye jina langu! Sasa mwizi hapa ni nani?

Baba amepiga simu. Hakusalimu. Amesema Kaloleni, akakata.

Randu wa Mweri amenisaidia kubeba sanduku mpaka stendi. Hakusema neno lolote baya njia nzima. Nilimshika mkono nikataka kuomba msamaha, nikalia badala yake, halafu gari likaja. Aliniwekea ule mwongozo wake juu ya sanduku.

Jumapili, 28 Septemba. Kaloleni.

Shajara, nipo hai.

Baba amenionyesha mnazi wangu. Mrefu kuliko yote shambani, makusudi. Amekata vidato vipya vya kukanyagia kwenye shina ili nisiwe na sababu. Kila siku ananiamuru nikwee, kila siku napata kikohozi. Jana alisema mwisho ni kesho. Kesho atakaa chini na kiti chake, na asipoona nazi zinaanguka kutoka mkononi mwangu, chuo cha mwezi wa kwanza nisahau, hatanitilia sahihi. Nimeenda kuutazama tena jioni hii. Magoti ni yale yale.

Ule mwongozo wa Randu wa Mweri umenifaa sana. Kitanda changu kina mguu mmoja mfupi, sasa hakichezi.

Nililia Ijumaa, nikamwomba Mungu, nikaahidi kwamba sitarudia ujanja tena maishani. Niliahidi kwa moyo wote, na namshukuru, kwa sababu baada ya ahadi akili ilitulia na leo, tukitoka kanisani, jibu likanijia lenyewe.

Baba ana ndugu, baba mdogo Ngala, anakaa ng'ambo ya kijito. Naye mtoto wake wa kwanza wa kiume alimwita jina la babu, kama desturi. Ni rika langu. Umbo langu. Anakwea mnazi kama anapanda kitandani. Nimeshazungumza naye. Nimemvalisha fulana yangu nyekundu na kofia yangu, ikamkaa vizuri. Kesho atakuwa kileleni kabla Baba hajaleta kiti, mimi nitakuwa nimelala chini ya kitanda.

Macho ya Baba siku hizi hayaoni mbali. Na kutoka chini, Randu ni Randu.